Mzee wa Kravati Aliyeninyang'anya Sahani

Vijana wangu wa kazini, kuna mzee mnapaswa kumwomba radhi. Siku mliponifanyia karamu ya kuniaga pale hoteli ya Karavia, mkanikalisha kwenye kiti chenye mito kana kwamba nimevunjika kiuno, mlimwona mzee mwembamba akinyanyuka kutoka meza ya nyuma. Alivaa shingoni kravati nyekundu, tai iliyochakaa, yenye mstari mweusi ulioungua katikati. Akaja moja kwa moja mezani kwangu, akaninyang'anya sahani ya ugali wa bukari na samaki, akakaa, akala. Hakusema hata samahani. Wawili kati yenu walishaanza kukunja mikono ya mashati. Mkurugenzi, ambaye alikuwa katikati ya hotuba, akasahau alikofika, na kwa hilo peke yake yule mzee alistahili sahani ya pili.

Nikawaambia, "Mumuache. Eko na haki." Mkacheka kwa adabu, kama mnavyocheka ninapotafuta miwani iliyo kichwani mwangu. Basi nimeamua kuandika, ili msije mkadhani ni uzee. Kuhusu vyeo vyangu sitasema neno, anayevitaka akavisome kwenye ukuta wa ofisi, vimetundikwa karibu na kizima moto. Nitaandika juu ya gari moja, mtu mmoja aliyevaa kravati porini, na jinsi kazi hii ya wanyama inavyofundishwa.

Nilianza mwishoni mwa enzi ya Wabelgiji, nikiwa kijana mwenye mdomo mrefu kuliko miguu. Kwetu ni upande wa Lufira, watu wa mashamba na mitego midogo, tulikuwapo kabla ya mgodi wa kwanza na pengine tutakuwapo baada ya wa mwisho. Mji ramani ziliuita Elisabethville, sisi tuliuita Lubumbashi, na barua zilifika vile vile. Kulikuwa na Mbelgiji mmoja, sote tukimwita Patron, aliyepeleka wazungu kutazama wanyama: Upemba kwa wenye siku nyingi, tambarare za Lufira kwa wenye haraka. Alikuwa na Landrova moja, na dereva mmoja, Papa Kabeya.

Papa Kabeya alikuwa mtu wa Kasai. Wazazi wake waliletwa na kazi ya reli, yeye akasomeshwa na mapadri, akajua Kifaransa cha kuandika na Kiswahili chetu cha mitaani, na injini aliijua kama mama anavyomjua mtoto msumbufu. Alivaa kravati kila siku. Sisemi kanisani tu. Alivaa akiwa chini ya gari, alivaa ndani ya tope, alivaa mbung'o wakimuuma masikio. Siku ya kwanza nilishindwa kujizuia.

"Papa," nikamwambia, "nyati haijue kravati."

"Nyati haijue," akasema. "Lakini miye ninajua."

Akaniuliza mimi ninajua nini. Nikasema ninaweza kufuata mnyama yeyote, popote. Hakubisha. Alinikabidhi wageni wawili waliokuwa na viatu vipya, akanionyesha nyayo za korongo, yule swala mkubwa mwenye masikio marefu, akasema, "Bon, fuata." Nikafuata. Nilifuata vizuri mno, nikiinama, nikionyesha majani yaliyovunjika, nikiwaambia wageni wanyamaze. Tulivuka kijito, tukapanda, tukashuka, jua likatupiga utosini, na mwisho nikasogeza tawi kwa taratibu sana nikaona Landrova yetu, na Papa Kabeya ameketi kwenye kivuli chake anakunywa chai.

"Imepita hapa kitambo," akasema. "Imenisalimia."

Yule korongo alikuwa amenusa harufu yetu tangu mwanzo, akafanya mzunguko, akarudi nyuma yetu kujua ni wajinga gani wanaomfuata. Wageni walifurahi, walidhani ndiyo njia iliyopangwa. Mimi nilitamani kuingia ndani ya tanki la mafuta. Papa Kabeya alinipa chai, kisha akanipa kitu nilichokaa nacho miaka yote ya kazi: kifuko cha majivu. Kilikuwa soksi ya mwanawe wa mwisho, imejazwa majivu ya mti mgumu, yamechekechwa kwa chekeche la mkewe jikoni. Ukiitikisa mbele yako, inatoa moshi mdogo, na moshi unakuambia upepo unakwenda wapi.

"Kwanza upepo," akasema, "kisha ndiyo mguu. Muguu inakwambia nyama iko wapi. Upepo inakwambia kama itakubali."

Nyie mna redio, mna simu, mna yule mwenzetu wa ofisi anayechapisha ramani za rangi. Sina ubaya nazo. Lakini kila ninapomwona mmoja wenu akiwatanguliza wageni huku upepo uko mgongoni mwake, mkono wangu unatafuta soksi mfukoni. Na wala msitumie majivu ya mkaa, ni mazito. Chukueni ya kuni ngumu, myachekeche mara mbili, myaweke mahali pakavu. Wake zenu wakiuliza chekeche limekwenda wapi, hapo mjitetee wenyewe.

Mengine niliyofundishwa ni madogo lakini yanafanya kazi. Mgeni anayeuliza kila wakati simba wako wapi, mpe termos aibebe, mtu mwenye kazi haulizi sana. Wahesabu wageni kwa kofia, sio kwa sura, sura za wazungu waliounguzwa na jua zinafanana. Aliye na viatu vipya atembee katikati, kwa sababu ndiye atakayesimama ghafla. Na usimwahidi mtu mnyama. Mwahidi kutembea, na mnyama akitokea ahesabiwe kuwa ni zawadi.

Kabla ya mambo ya vita, kulikuwa na siku ya kravati. Tulikuwa karibu na Lufira, wageni wanne nyuma, mkanda wa feni ukakatika. Maji ya injini yakaanza kuchemka, gari likazima, na tulipoinua macho tulimwona tembo jike mbele yetu barabarani, na mtoto wake. Mtoto alikuwa anacheza na tawi. Mama hakuwa anacheza.

Papa Kabeya aliangalia nyuma akawaambia wageni kwa Kifaransa cha misa kwamba atakayefungua mdomo atarudi kwa miguu. Kisha akalegeza kravati yake, akaivua, akateremka. Nilibaki mlangoni na kifuko changu, nikitikisa kidogo kidogo. Tulikuwa tumepatana bila kusema: upepo ukiwa unatoka kwa tembo kuja kwetu, anafanya kazi, ukigeuka, nagonga bati la mlango mara moja, naye anakuwa jiwe. Alifungua boneti polepole, akaingiza kravati kwenye magurudumu ya mkanda. Moshi wangu ukayumba. Nikagonga. Papa Kabeya akaganda, mikono ndani ya injini ya moto, na tembo akainua mkonga akaupeleka huku na huku kama mtu anayesikia jina lake linatajwa mbali. Upepo ukarudi. Papa akafunga fundo, akafunga boneti, na yule mama akamsukuma mwanawe kwa goti, wakaingia majanini.

Tulikwenda mwendo wa konokono mpaka kijiji cha kwanza, kravati ikizungusha feni. Papa Kabeya alikuwa akiendesha shingo wazi, amejikunja.

"Papa, umeumia?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Niko uchi."

Ile kravati aliifua, akaipiga pasi, akaivaa tena. Mstari mweusi ulioungua haukutoka. Alinunua nyingine? Wapi. Alisema ile sasa imeajiriwa.

Halafu uhuru ukaja, na mara tu baada ya uhuru Katanga ikajitenga, na mji ukawa na bendera mpya, stempu mpya na vizuizi vya barabarani vipya. Patron alisema anakwenda Rhodesia kupumzika kidogo. Alimkabidhi Papa Kabeya funguo za Landrova na paka wake. Paka alituzoea, Patron hakurudi.

Sitawapotosha kwa kuchekesha kila kitu. Kwa watu wa Kasai waliokuwa mjini kwetu, waliohesabiwa sasa wageni na maadui wa serikali mpya, ilikuwa mibaya ile miaka. Jirani wa jana alikuangalia kama deni. Wengi walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu, nje kidogo ya mji, wakalala chini ya maturubai na mabati. Mama Mbuyi, mke wa Papa Kabeya, alikuwa huko na watoto. Papa mwenyewe alikuwa akitoka mchana kuja kulitazama gari, kwa sababu gari lisilowashwa linakufa, na jioni anarudi kambini.

Ndipo Madame Jeanne akaja. Alikuwa mwalimu wa kinanda, mwanamke mrefu wa Kibelgiji, mwenye sauti ya kuamuru hata alipokuwa anaomba. Alikuwa na kiti katika ndege ya Jumapili kutoka uwanja wa Luano, na alijua harudi tena. Alikuwa amekaa Katanga tangu usichana wake na hakuwa amewahi kuona punda milia. Aliona aibu kuondoka hivyo. Nilimwambia Papa Kabeya akatae. Barabara hazikuwa za mtu wa Kasai.

"Huyu Madame alimufundisha binti yangu kinanda," akanijibu. "Kila Alhamisi, nyumbani kwake, mu salon yake. Hakuniomba kitu. Sasa anaomba kitu kimoja. Na pale barière ya Kambove bananijua, ni miaka ninapita."

Kaskazini kulikuwa na mapigano, kwa hiyo Upemba haikuwezekana. Tungekwenda tambarare za Lufira na kurudi. Asubuhi ya kuondoka nilimfuata Papa kambini. Mama Mbuyi alinijia mpaka kwenye seng'enge, akanishika kidole kupitia tundu za waya.

"Kalasa," akasema, "unamurudisha. Usiniletee kravati bila shingo."

Nikasema nitamrudisha. Unasema nini kingine?

Tulipita Likasi, tukapita Kambove na vilima vyake vilivyochimbwa mpaka vikabaki mifupa, tukafika kizuizini, ile barière ya Papa. Papa alisema kweli, walimjua. Koplo aliyekuwepo alimuuliza habari za paka. Tukapita.

Na punda milia tuliwaona. Nimeona wengi tangu hapo, lakini wale ninawakumbuka. Nilitumia majivu tangu mbali, nikamzungusha Madame kwenye ukingo wa nyasi ndefu, na walikuwa pale mbele, kundi zima, wanapiga mikia, watoto wenye manyoya ya kahawia bado. Madame alikuwa na kamera shingoni. Hakuigusa. Alikaa chini kwenye nyasi na sketi yake nzuri, akawatazama, akawatazama, machozi yakimtoka bila yeye kujifuta. Baadaye nikamuuliza mbona hakupiga picha. Akasema picha angewaonyesha watu wa Ubelgiji, na wao wangesema ni punda aliyechorwa.

Tuliporudi kizuizini, koplo wa paka hakuwepo. Walikuwa wamebadilishwa wote.

Askari wapya walitushusha. Sajini wao, mtu mwembamba, alikuwa ameketi mezani chini ya paa la bati anakula bukari na kabambale, yule samaki wa sharubu. Hakuinua kichwa. Askari mmoja alisoma kitambulisho cha Papa kwa sauti.

"Kabeya. Weye iko muntu ya Kasai."

"Njo vile," akasema Papa.

"Bengine baende," akasema sajini, bado anatafuna. "Ule wa kravati atabakia."

Hakueleza atabaki kwa nini. Nyuma ya kibanda niliona viatu, jozi kadhaa, vimepangwa vizuri ukutani, na sikuona watu wake. Papa Kabeya naye aliviona. Alinyoosha kravati yake. Madame akaanza kuzungumza Kifaransa kwa haraka, akiwataja wakubwa aliowafundisha watoto wao kinanda, na kila jina alilolitaja lilizidi kumkunja uso sajini. Mimi niliogopa. Nawaambia wazi, nilichokiona mbele yangu ni kile kidole cha Mama Mbuyi kwenye waya.

Mvua ikaanza. Ilikuja ghafla, ikapiga bati, na askari waliokuwa nje wakajibana chini ya paa. Mmoja wao akasema, anacheka, "Chef, ambia ndugu yako apunguze. Anatulowesha."

"Mvula ni yetu," akajibu sajini. "Nitanyesha vile ninapenda."

Hapo ndipo nilipojua upepo unakwenda wapi.

Ambao si wa kwetu hamjui, nieleze. Watu wa upande wetu tuna koo, na koo zina watani wao. Tunaita bunungwe. Ukoo wa Mvua na ukoo wa Uyoga, yaani Bena Mvula na Bena Bowa, ni watani tangu wazee wa wazee, kwa sababu uyoga hauoti bila mvua. Mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia kuku, kukuvua kofia mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, umejidhalilisha wewe na mababu zako. Anachokitaka mtani kwako anakichukua, na kesho wewe unachukua kwake. Sajini alikuwa amejitaja kuwa Mwina Mvula, na mimi Kalasa, kwa upande wa mama, ni Mwina Bowa.

Lakini mila ni za nyumbani, ambako kuna shangazi wa kuamua. Hapa kulikuwa na bunduki. Sikujua kama kamba hii ingeshika. Nilikwenda mezani, nikavuta ile sahani kutoka mbele ya sajini, nikakaa, nikaanza kula.

Mkono wa sajini ulikuwa hewani na tonge lake. Nyuma yangu nilisikia bunduki inashikwa sawasawa.

"Mwaka muzima siye Bena Bowa tunangoya mvula yenu," nikasema, mdomo umejaa. "Haikuye. Tunakauka mu udongo, batoto banalia. Leo nimekuta mwenye mvula eko anakula kabambale peke yake. Sasa ninakula miye. Na bukari yenyewe imepoa."

Sajini alilitazama tonge lake. Akalitia mdomoni, akalitafuna polepole, akameza.

"Mwizi," akasema. "Bena Bowa bote ni bezi. Munaota mu mavi ya tembo, munajiita bantu."

"Na weye bila siye na bila mavi ya tembo, mvula yako ni matope tu."

Askari wakaangua kicheko, na sajini naye akaanza kutikisika mabega. Nikamvua kofia yake, nikaivaa mimi. Wakacheka zaidi. Nikaendelea kula. Nilimla yule samaki wote, nikabakiza kichwa. Kisha nikasema, "Bon. Sasa ninachukua muntu."

Kicheko kikakatika. "Muntu gani?"

"Ule wa kravati."

"Ule haiko kintu yangu."

"Eko mu mukono yako? Basi ni kintu yako. Na kintu yako ni yangu."

Sajini alimtazama Papa Kabeya. Papa alikuwa amesimama mvuani, amelowa mpaka soksi, kravati imenyooka. Sijui sajini aliona nini. Mimi nilirudisha sahani mbele yake na kofia juu ya meza. Kwetu kichwa cha kabambale anaachiwa mtu unayemheshimu, ndicho chenye mafuta, na mtani akikuachia hicho unajua ulikuwa mchezo, haukuwa wizi.

"Nimekuachia kichwa," nikasema.

Alikichukua kwa vidole viwili, akakigeuza. "Muchukue," akasema. "Lakini sikia, Mwina Bowa. Siku moja nitakuya kuchukua muntu kwako. Na hautasema hapana."

"Sitasema."

Tukapanda gari, tukaondoka. Kisha Madame Jeanne akaniambia kwa upole mkubwa, "Kalasa, kama ulikuwa na njaa, sardini zilikuwa nyuma ya kiti."

Papa Kabeya alianza kucheka. Alicheka mpaka Kambove, na Kambove ikabidi asimamishe gari, akaweka paji la uso kwenye usukani, na sikujua tena kama anacheka. Nilimwekea mkono mgongoni. Ulikuwa mgongo wa mtu mzima na ulikuwa unatetemeka kama wa ndege.

Kambini Mama Mbuyi alikuwa pale pale kwenye seng'enge. Alipitisha mikono juu ya waya akashika kravati kwanza, kisha akapanda mpaka shingoni, akaiacha mikono yake pale muda mrefu. Jumapili tulimpeleka Madame Luano. Alimwachia paka ufunguo wa kabati lake la maziwa, yaani alituachia sisi.

Familia ya Papa baadaye ilisafirishwa Kasai pamoja na wengine, naye akaifuata. Utengano ulipokwisha walirudi, kwa sababu Lubumbashi ndiyo iliyokuwa imewazoea. Landrova nilikuwa nimeiwasha kila asubuhi. Idara ya mbuga ilikuwa inatafuta watu, ikatuchukua sote wawili na gari letu.

Siku moja, tukiwa gereji, mtu alisimama mlangoni. Nilimtambua kwa wembamba. Alikuwa na suruali ya jeshi iliyotoboka magotini, na kofia hakuwa nayo. Jina lake, ambalo siku ile ya mvua sikuwa nimeliuliza, ni Mpande.

"Mwina Bowa," akasema. "Nimekuya kuchukua muntu yangu."

Nilikuwa nimeahidi, na bunungwe haina tarehe ya kuisha. "Muntu gani?"

"Ule wa kravati."

Papa Kabeya alikuwa chini ya gari. Ilitokea miguu, kisha yeye mzima. Akajifuta mikono. "Ni miye," akasema. "Utanipeleka wapi?"

Mpande akatazama sakafu. "Sina pa kukupeleka, Papa. Uikale hapa hapa. Unifundishe motokari. Bantu banaona hii suruali, banafunga mulango."

Papa alikunja kitambaa chake cha grisi mara nne. Alipokunja hivyo hata injini zilimwogopa.

"Bile biatu," akasema. "Nyuma ya nyumba pale barière. Bilikuwa bya nani?"

"Tulifika pale siku ile ile," akasema Mpande. "Nilibikuta. Nilikuwa ninaogopa kuuliza."

"Hapa utakuwa unauliza," akasema Papa Kabeya.

Akalegeza kravati yake, akaivua, akamvalisha yule mtu mwembamba. Alimfunga fundo mwenyewe, kwa vidole vyenye grisi, kama anavyofungiwa mtoto wa komunyo ya kwanza. Mpande alisimama kidevu juu, machozi yakimshuka, hayuko tayari kuyafuta asije akaharibu fundo.

"Hapa hakuna mwenye kuendesha bila kravati," akasema Papa, na akarudi chini ya gari.

Basi huyo ndiye mzee wenu. Mnaomjua kama jina tu kwenye ubao wa madereva, mjue kwamba vita viliacha tambarare zikiwa zimeliwa. Askari wenye njaa hawachagui, na punda milia wa Madame Jeanne tuliwatafuta misimu mingi bila kuona hata kinyesi. Mpande ndiye aliyejua askari wanatega wapi, wanapikia wapi, wanaficha wapi nyaya, na alizing'oa kwa mikono yake. Kila alipopita kijiji, kila kibanda, kila kizuizi, aliuliza. Aliuliza mpaka watu wakachoka naye. Wenye vile viatu, ambavyo Mpande alikuwa amevitunza, hatukuwapata, isipokuwa wa jozi moja, na mjane wake alikuja kuichukua mwenyewe gerejini, Papa akamtengea kiti. Punda milia walirudi, wachache, kutoka upande wa milima. Mpande ndiye aliyewaona kwanza. Alikuja kuniita akikimbia, akasahau kutazama upepo, wakatoroka, nikamtusi yeye na mvua yake yote.

Papa Kabeya tulimzika siku ya jua kali. Mpande alivaa kravati. Mama Mbuyi akainyoosha, akasema, "Hii inabakia na shingo."

Na sasa turudi Karavia. Mlipoacha kumzuia yule mzee, mkaendelea na hotuba, hakuna aliyetazama alichokifanya. Alikula bukari yangu yote. Alimla yule kabambale wangu kwa utulivu, akitoa miiba moja moja, bila kuniangalia. Kisha akaisukuma sahani mbele yangu, na katikati yake kulikuwa na kichwa.

Nilikila chote, mpaka sharubu.